Kinga ya mwanapunda na mwanafarasi huanzia kwa mama: uzi kuhusu kuchanja majike wenye mimba

Saisi wa Pongwe (mwanzisha uzi)

Ndugu wafugaji, assalaam aleykum na habari za jioni.

Ninaandika kutoka Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini. Nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwa miaka 11 katika shamba moja la farasi upande wa Arusha, na tangu niliporudi nyumbani ninafuga punda wa kubeba mchanga, maji na nazi. Mwaka juzi jike wangu mmoja alizaa mtoto dume mwenye nguvu, aliyesimama kabla hata sijamaliza kunawa mikono. Siku ya tisa nikamwona anatembea kama aliyefungwa vijiti miguuni. Kesho yake masikio yalikuwa yamesimama wima, utando wa ndani ya jicho ukawa unatoka na kufunika nusu ya mboni kila alipoguswa, taya likakaza, na hakuweza tena kunyonya ingawa aliendelea kukifuata kiwele cha mama yake. Siku ya kumi na mbili alikufa. Ulikuwa pepopunda, ugonjwa ambao lugha yetu imeupa jina la mnyama huyuhuyu, na mimi niliyeshika vichupa vya chanjo hiyo kwa miaka 11 sikuwa nimemchanja mama yake hata mara moja, kwa sababu niliamini kwamba punda ni mnyama mgumu asiyehitaji mambo ya farasi.

Nimefungua uzi huu ili nieleze jambo moja ambalo naona wengi wetu hatujaelezwa vizuri. Mtoto wa farasi au wa punda hukingwa kupitia mama yake, na sindano inayomlinda katika wiki zake za kwanza huwa imechomwa kwenye shingo ya mama mwezi mzima au zaidi kabla yeye hajazaliwa.

Sababu yake ni kondo la nyuma. Wengi wetu tumewasindikiza wake zetu kliniki na tunajua kwamba mama mjamzito huchomwa sindano ya pepopunda ili mtoto azaliwe akiwa tayari na kinga. Kwa binadamu kingamwili za mama hupita kwenye kondo na kuingia katika damu ya mtoto akiwa bado tumboni. Kwa farasi na punda hazipiti, kwa kuwa kondo lao lina tabaka nyingi kati ya damu ya mama na damu ya mtoto, kwa hiyo mtoto huzaliwa mkamilifu wa viungo, mwenye macho na miguu inayokimbia siku hiyohiyo, lakini damu yake haina karibu kinga yoyote aliyorithi. Kinga yote ya mama ameiweka mahali pamoja tu, nayo ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza kabisa baada ya kuzaa.

Dang'a tunaifahamu kwa ng'ombe, na wengine tumekula dang'a iliyopikwa tukiwa watoto bila kujua ni akiba ya nani. Kwa jike wa farasi, kingamwili huvutwa kutoka kwenye damu na kukusanywa kwenye kiwele katika wiki chache za mwisho za mimba. Hapo ndipo hesabu ya chanjo inapotokea: ukimchanja wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, kinga yake inakuwa imepanda kufikia kilele wakati uleule kiwele kinapokusanya. Ukimchanja siku tatu kabla ya kuzaa, mama mwenyewe anaweza kufaidika baadaye, lakini mtoto wa mimba hiyo atakuwa amekosa fungu lake.

Jike ambaye hajawahi kuchanjwa pepopunda anahitaji sindano mbili zilizoachana wiki 4 hadi 6, na ile ya pili ndiyo iangukie wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa. Baada ya hapo ni sindano moja kila mwaka, ikipangwa kulingana na mimba. Farasi hubeba mimba kwa takriban miezi 11 na punda kwa takriban miezi 12, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo asiyeandika tarehe ya kupandisha hataweza kupanga chanjo hii, atabaki kukisia kwa ukubwa wa tumbo. Kwa punda wetu wanaotembea huru mchana kutwa na madume ya jirani naomba tulizingatie hili kuliko mengine yote. Mimi sasa ninaandika kwa mkaa ukutani, ndani ya banda.

Karibuni tujadili. Nitajibu ninayoyajua, na wataalamu waliomo humu watanisahihisha.

Mfugaji wa Kabuku

Pole sana, ndugu, kwa hasara na kwa uchungu wa kumwangalia mnyama akifa kwa namna hiyo. Nina swali ambalo huenda likaonekana la kitoto. Kama tatizo ni kwamba mtoto anazaliwa bila kinga, kwa nini tusimchanje yeye mwenyewe siku ileile aliyozaliwa, badala ya kuhangaika na mama ambaye hata hatujui atazaa lini?

Saisi wa Pongwe

Swali lako ndilo nililomuuliza mkuu wa zizi katika mwezi wangu wa kwanza kazini, na jibu lake lina sehemu mbili.

Kwanza, chanjo ni mafunzo, na mafunzo huchukua muda. Mwili wa mtoto unahitaji wiki kadhaa na zaidi ya dozi moja kabla haujatengeneza kinga ya kutosha, wakati vijidudu vya pepopunda vimo kwenye udongo na kwenye samadi ya banda lenyewe, na huingia kupitia kitovu kibichi siku za mwanzo kabisa. Wangu aliugua siku ya tisa. Hakuna chanjo ambayo ningempa siku aliyozaliwa ikawahi.

Pili, mtoto aliyekunywa dang'a ya mama aliyechanjwa hubeba kingamwili za mama kwa miezi kadhaa, nazo huizuia chanjo yake mwenyewe isifanye kazi, kwa kuwa huikamata kabla mwili wake haujaitambua. Ndiyo maana mtoto wa mama aliyechanjwa huanzishiwa chanjo zake akiwa na umri wa miezi 4 hadi 6, kinga ya mama inapokuwa imepungua, na hupewa dozi tatu za mwanzo badala ya mbili. Mtoto ambaye mama yake hakuchanjwa huanza mapema zaidi, kati ya mwezi wa kwanza na wa nne.

Kama mama hakuchanjwa na mtoto tayari ameshazaliwa, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kuna seramu ya pepopunda, yaani kingamwili zilizokwisha tengenezwa, ambayo humlinda mtoto kwa wiki chache tu. Hiyo ni ngao ya kuazima na kinga yake haidumu, nayo hutolewa kwa uamuzi wa daktari kwa sababu ina madhara yake kwa baadhi ya farasi.

Bwana Mifugo Mstaafu

Nimefurahi kuona mada hii, na mwanzisha uzi ameieleza vizuri. Nitaongeza machache kutokana na kazi yangu ya zamani, hasa kwa walio na farasi, kwa sababu orodha ya chanjo za farasi mwenye mimba ni ndefu kuliko ya punda wetu.

Wenye farasi watenganishe makusudi mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Zipo chanjo zinazotolewa ili mimba yenyewe isiharibike, na mfano mkubwa ni ile ya virusi vya herpes vya farasi aina ya kwanza, ambayo kwa desturi ya nchi zenye farasi wengi hutolewa mwezi wa 5, wa 7 na wa 9 wa mimba. Virusi hivyo humfanya jike atupe mimba ghafla, mara nyingi katika miezi ya mwisho, bila kuonyesha dalili yoyote kabla. Chanjo hiyo hupunguza hatari bila kuiondoa yote. Halafu zipo chanjo zinazotolewa ili dang'a iwe na nguvu: pepopunda, kichaa cha mbwa, na mahali penye mashamba makubwa ya uzazi, chanjo ya virusi vya rota, ambavyo huwaharisha watoto wachanga vibaya. Hii ya rota hutolewa mwezi wa 8, wa 9 na wa 10, na hapo mtoto mwenyewe hachanjwi kabisa, kwa sababu anachohitaji ni kingamwili za mama zipite tumboni mwake katika siku anazoharisha wenzake. Kwa mfugaji wa Tanga mwenye punda wawili, pepopunda na kichaa cha mbwa ndizo za kuanza nazo, na mengine azungumze na daktari kulingana na mahali alipo.

Jambo lingine ni utunzaji wa chupa. Chanjo ya pepopunda inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Watu wanaogopa joto, na wana haki, lakini nimeona chanjo nyingi zikiharibiwa na barafu. Mtu anaichukua dukani, anaibandika moja kwa moja kwenye chupa ya maji yaliyoganda, anapanda bodaboda kwenda Maramba, na akifika chanjo imeganda. Ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana salama. Izungushie kitambaa au gazeti ndani ya boksi, isigusane na barafu.

Msafiri wa Kaole

Mimi niko Bagamoyo na ninamtunzia mtu farasi jike mmoja, ambaye sasa ana mimba ya miezi minne. Wazee wa hapa wanasema pwani haijawahi kuwa nchi ya farasi, na historia inawaunga mkono: Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa katika wiki za mwanzo za safari, wakati baadhi ya punda waliendelea. Je, kwa magonjwa haya ya kwetu, ya mbung'o na ya visubi, kuna chanjo ambayo ningempa mama ili mtoto azaliwe salama? Tajiri wangu anataka nimwandikie ratiba.

Bwana Mifugo Mstaafu

Ndugu yangu wa Kaole, umeuliza mambo mawili na kila moja lina jibu lake.

Nagana, inayoenezwa na mbung'o, haina chanjo. Vimelea vyake hubadilisha vazi lao la nje kila mara, hivi kwamba kingamwili za jana hazimtambui wa leo, na ndiyo maana watafiti wa dunia nzima hawajaipata chanjo hiyo hadi sasa. Hapa Tanga kuna kituo kilichojengwa kwa ajili ya utafiti wa mbung'o na magonjwa wanayoeneza, kwa hiyo si kwamba jambo limepuuzwa. Unachoweza kumfanyia jike wako ni kumkinga asiumwe, kutomlisha karibu na vichaka vyenye mbung'o, na kumpima damu mapema akidhoofu au akipata homa.

Ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi, una chanjo, lakini ile inayotumika zaidi barani kwetu imetengenezwa kwa virusi hai vilivyopunguzwa makali. Chanjo ya namna hiyo haitolewi ovyo kwa jike mwenye mimba, hasa miezi ya mwanzo. Mahali pake ni kabla ya kupandisha. Jike mwenye kinga ya zamani humpitishia mtoto kingamwili kwa dang'a, kama ilivyo kwa magonjwa mengine, kwa hiyo jambo la kwanza la kumuuliza tajiri wako ni kadi ya chanjo ya farasi huyo kabla hajaja Bagamoyo. Usiandike ratiba kabla hujaiona. Na jioni, visubi wanapoanza kutoka, awe ndani ya banda lenye wavu wenye matundu madogo sana, maana wavu wa mbu wa kawaida huwapitisha visubi.

Punda mara nyingi huambukizwa ugonjwa huu bila kuonyesha dalili kubwa, nadhani hii ni sehemu ya ile sifa ya ugumu iliyomponza mwanzisha uzi.

Mwana wa Muheza

Naomba kueleweshwa kuhusu mambo mawili ninayoyasikia kijijini. La kwanza, kwamba sindano yoyote kwa punda mwenye mimba kubwa humfanya atupe mimba. La pili, kuna mtu ameniambia nikaombe chanjo ya pepopunda zahanati, ile ya akina mama, kwa kuwa ugonjwa ni uleule.

Saisi wa Pongwe

Ndugu wa Muheza, hili la pili nalijibu kwanza kwa sababu linanigusa. Ni kweli ugonjwa ni uleule na sumu ya kijidudu ni ileile, lakini chanjo ya zahanati imehesabiwa kwa ajili ya akina mama na watoto wa kata yako, na kipimo chake kimepangwa kwa mwili wa binadamu. Tafadhali tusiiguse. Ya mifugo uagize mapema kupitia daktari wako au duka la dawa za mifugo. Mimi mara ya kwanza niliambiwa haipo, nikaacha oda, nikasubiri karibu wiki tano. Kama ningeanza kuuliza mwezi wa mwisho wa mimba ningekuwa nimechelewa. Sasa tumekubaliana wafugaji wanne wa hapa kuagiza pamoja, na duka linaitikia kwa haraka zaidi.

Kuhusu kutupa mimba, chanjo ya pepopunda haina kijidudu hai, imetengenezwa kwa sumu iliyouawa ukali wake, na hutolewa kwa majike wenye mimba duniani kote. Ninachokijua kwa macho yangu ni kwamba kinachomdhuru jike mwenye mimba kubwa ni namna anavyokamatwa. Wanaume watano wenye kamba, kelele, fimbo, kuangushwa chini: hapo mimba inaweza kuharibika, na lawama ikaenda kwa sindano. Mfunge na mwenzake anayemzoea, mpe pumba, ashikwe na mtu mmoja anayemjua, na kazi huisha kabla hajamaliza kutafuna. Anaweza kuvimba kidogo shingoni kwa siku mbili.

Bi Mkunga wa Mifugo, Pangani

Shikamooni wazee wangu. Naomba nirudi kwenye dang'a, kwa sababu naona tumezungumza sana kuhusu sindano, na mimi nimeona majike waliochanjwa vizuri ambao watoto wao walikufa hata hivyo.

Tumbo la mtoto lina mlango unaoziruhusu kingamwili kuingia kwenye damu zikiwa nzima, na mlango huo huanza kufungwa tangu saa za kwanza. Saa 6 za mwanzo ndizo bora, saa 12 bado panafaa, na ikifika siku nzima umefungwa. Dang'a ikinywewa baada ya hapo ni chakula tu. Kwa hiyo mimi hukaa na saa mkononi: mtoto asimame ndani ya saa moja, awe amenyonya ndani ya saa mbili, na kondo liwe limetoka lote ndani ya saa tatu. Lolote kati ya hayo likichelewa ninampigia daktari simu hata kama ni usiku wa manane.

Pia angalieni kiwele siku za mwisho. Jike anayevuja maziwa kwa siku moja au mbili kabla ya kuzaa anaidondosha chini kinga yote mliyomlipia, na mtoto atakuta maziwa ya kawaida. Ukiliona hilo, zungumza na jirani mwenye jike aliyezaa karibuni. Mwenye maziwa mengi, baada ya mtoto wake mwenyewe kushiba, anaweza kukamuliwa robo lita ikagandishwa kwenye friza, ikakaa mwaka mzima ikiwa bado inafaa. Iyeyusheni kwenye maji ya uvuguvugu, msiichemshe, maana moto mkali unaziua kingamwili. Daktari akiwa na kipimo anaweza kumtoa mtoto damu akiwa na umri wa siku moja: gramu 8 za kingamwili kwa lita au zaidi ni salama, chini ya gramu 4 ina maana kinga haikupita, na hapo hupewa plazma, yaani maji ya damu yenye kingamwili, kwenye mshipa.

Na kitovu kichovywe kwenye klorheksidini iliyozimuliwa, dawa ya kuua vijidudu, mara kadhaa kwa siku ya kwanza na ya pili. Majivu, samadi kavu na udongo wa kichuguu vinavyopakwa na baadhi yetu ndivyo vinavyopeleka pepopunda ndani.

Neno moja la tahadhari kwa ndugu wa Kaole: kama farasi wako alipandwa na punda, mtoto atakuwa nyumbu, na kwa nyumbu zipo nyakati ambazo dang'a ya mama hubeba kingamwili zinazoshambulia damu ya mtoto, akageuka manjano na kufa. Mweleze daktari mapema, apime kabla mtoto hajanyonya.

Msafiri wa Kaole

Ninashukuru sana, Bi Mkunga. Baba wa mimba hii ni farasi. Nimeiomba kadi kwa tajiri, na nimeona kwamba chanjo ya visubi alipewa mara mbili kabla ya kuletwa huku, lakini pepopunda haijaandikwa popote. Nitaanza na sindano ya kwanza mwezi wa 9 na ya pili mwezi wa 10.

Saisi wa Pongwe

Hesabu yako iko sawa, ila zirudishe nyuma wiki moja kila sindano, kwa sababu farasi wengine huwahi kuzaa. Na asihamishwe banda mwezi wa mwisho. Dang'a hubeba kinga ya vijidudu vya pale alipokaa mama, kwa hiyo akae wiki 4 hadi 6 mahali atakapozalia.

Narudi na taarifa ya kwangu, kwa sababu nilipofungua uzi huu jike wangu yuleyule aliyempoteza mwanawe alikuwa amebakiza siku chache. Alichanjwa mara mbili, na ya pili ilikuwa siku 38 kabla. Alizaa jana saa kumi alfajiri, mtoto jike. Alisimama baada ya dakika 40, akatafuta kiwele kwenye mguu wa mbele, kwenye ukuta, kwenye goti langu, na alipokipata ilikuwa saa moja na robo tangu azaliwe. Kondo lilitoka lote kabla jua halijachomoza. Nimechovya kitovu mara nne. Ukutani, chini ya tarehe ya kupandisha, nimeandika kwa mkaa tarehe ya mwezi wake wa tano, siku ya sindano yake mwenyewe.